PIMA JANI BILA KULIKATA

Somo kwa wasomaji wa vijiji vya Bukoba na Muleba



Wewe unakijua kibanja chako. Unajua mgomba upi ulizaa mkungu mkubwa mwaka jana, na upi ulizaa mkungu mdogo. Lakini je, unajua ukubwa wa majani ya migomba hiyo? Ukiulizwa, pengine utajibu, "Majani ni makubwa," au "Majani ni madogo." Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Ni makubwa kiasi gani? Yameongezeka au yamepungua kuliko mwaka jana?

Katika somo hili utajifunza kupima ukubwa wa jani la mgomba. Utatumia fito mbili, tepu ya fundi cherehani, na hesabu ulizojifunza darasani: kuzidisha, kugawanya na kutoa. Hutatumia panga wala kisu. Jani utakalolipima litabaki juu ya mgomba wake, nalo litaendelea kufanya kazi yake.

1. JANI NI JIKO LA MGOMBA

Nyumbani chakula hupikwa jikoni. Mgomba nao una jiko lake. Jiko hilo ni jani la kijani.

Mizizi huleta maji na virutubisho kutoka ardhini. Jani huvuta hewa kwa kupitia vitundu vidogo sana ambavyo hatuwezi kuviona kwa macho. Mwanga wa jua ndio moto wa jiko hilo. Kwa maji, hewa na mwanga, jani hutengeneza sukari. Sukari hiyo hukuza shina, mizizi na machipukizi. Mkungu unapotokea, sukari huingia ndani ya ndizi na kuwekwa akiba kama wanga. Wanga huo ndio unaokushibisha unapokula matoke.

Basi, mgomba wenye majani mengi mapana yenye afya una jiko kubwa. Mgomba wenye majani machache au madogo una jiko dogo. Jiko dogo haliwezi kulisha mkungu mkubwa.

Kumbuka jambo hili moja: mgomba ukishatoa ua, hautoi jani jipya tena. Majani yaliyopo siku hiyo ndiyo yatakayolisha mkungu mpaka ukomae. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kwamba mgomba unapotoa ua uwe na majani hai 8 au zaidi. Ukikata majani matatu siku hiyo, hakuna mengine yatakayokuja kushika nafasi zake.

2. PANGA LINA HASARA TATU

Sisi wa mkoa wa Kagera tunayatumia sana majani ya migomba. Tunafunikia chungu. Tunatandika chakula. Tunafungia mizigo. Tunafunikia ndizi za rubisi ili ziive. Hakuna ubaya wa kutumia majani. Ubaya ni kukata ovyo majani ya mgomba unaokuza mkungu.

Hasara ya kwanza umekwisha kuiona. Kukata jani ni kubomoa jiko.

Hasara ya pili ni ya mtu anayetaka kupima. Jani lililokatwa hupimwa mara moja tu. Siku ya pili limenyauka. Lakini jani lililobaki juu ya mgomba unaweza kulipima leo, ukalipima tena baada ya mwezi mmoja, ukaona kama bado ni zima au limeanza kuharibika.

Hasara ya tatu ni kubwa kuliko zote. Nayo ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Bakteria ni vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu nchini Ethiopia mwaka 1968, katika mmea uitwao ensete ambao unafanana na mgomba. Mwaka 2001 uligunduliwa nchini Uganda. Katika miaka ya 2005 na 2006 ukaonekana mkoani Kagera, na Muleba ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupatwa.

Dalili zake ni hizi: majani hugeuka rangi ya manjano na kunyauka, ua la chini ya mkungu hukauka, na ndizi huiva kabla ya wakati wake. Ukikata ndizi hiyo utaona ndani ina rangi ya kahawia. Ukikata shina, baada ya muda hutoka utomvu wa manjano.

Vidudu hivyo vimo ndani ya utomvu. Panga likikata mgomba mgonjwa hubeba utomvu huo. Likikata mgomba mzima, huuambukiza. Mtu anayepita kibanjani akikata jani moja katika kila mgomba anaweza kueneza ugonjwa katika kibanja kizima kwa asubuhi moja, wala asijue. Ukilazimika kutumia panga, lichome motoni au lisafishe kwa dawa ya jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Lakini kwa kazi ya kupima, panga halihitajiwi hata kidogo.

3. ENEO NI NINI?

Tandika mkeka sakafuni. Nafasi yote iliyofunikwa na mkeka ndilo eneo la mkeka. Kadhalika, nafasi yote ya bapa la jani ndilo eneo la jani. Hapo ndipo mwanga wa jua unapopokelewa.

Chora umbo lenye pande nne zilizo sawa, kila upande sentimita 1. Hiyo ni sentimita 1 ya mraba. Chora jingine lenye pande nne, kila upande mita 1. Hiyo ni mita 1 ya mraba. Mita 1 ya mraba ina sentimita za mraba 10,000.

Kupata eneo la mkeka ni rahisi. Zidisha urefu kwa upana. Jani la mgomba ni gumu kidogo, kwa sababu si umbo la mkeka. Limechongoka kwenye ncha, na pembe zake ni za mviringo. Lakini ipo njia.

4. VIFAA

Tayarisha vitu hivi:

Ufito mmoja mrefu ulionyooka, wa mita 3.
Ufito mmoja mfupi, wa mita 1.
Tepu ya fundi cherehani. Tepu hiyo huwa na sentimita 150.
Mkaa au rangi ya kutia alama.
Daftari na kalamu.

Kwa kutumia tepu, tia alama kwenye fito zote mbili kila baada ya sentimita 10. Kila zinapotimia sentimita 50, tia alama nene. Ncha za fito ziwe laini, zisije zikachoma au kuchana jani. Ukimaliza, una rula zako mbili ambazo hukuzinunua.

5. NAMNA YA KUPIMA

Fanyeni kazi hii watu wawili. Mmoja ashike ufito, mwingine asome alama na kuandika. Migomba yetu ni mirefu. Usilivute jani chini, maana kikonyo chake kitavunjika. Wala usiupande mgomba. Inua ufito mpaka ulipo jani.

Hatua ya kwanza: Pima urefu. Anza pale bapa la jani linapoanza, na uishie kwenye ncha. Usipime kikonyo, maana kikonyo si sehemu ya bapa.

Hatua ya pili: Pima upana. Pima mahali palipo papana kuliko pote. Mchana wa jua kali, pande mbili za jani hujikunja na kuelekea chini. Ikiwa ni hivyo, pima upande mmoja kutoka kwenye uti wa jani mpaka ukingoni. Kisha pima upande wa pili. Jumlisha vipimo hivyo viwili. Jumla ndiyo upana.

Hatua ya tatu: Zidisha urefu kwa upana.

Hatua ya nne: Gawanya jibu kwa 10, kisha zidisha kwa 8.

Tazama mfano huu. Jani lina urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 70.

200 × 70 = 14,000
14,000 ÷ 10 = 1,400
1,400 × 8 = 11,200

Eneo la jani ni kama sentimita za mraba 11,200. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita 1 ya mraba.

6. KWA NINI SEHEMU 8 KATI YA 10?

Unapozidisha urefu kwa upana, unapata eneo la mkeka ambao jani lingelala juu yake. Jani halijazi mkeka wote. Pembeni hubaki nafasi tupu. Wataalamu wamepima majani mengi ya migomba kwa vipimo sahihi, wakaona kwamba jani hujaza karibu sehemu 8 katika kila sehemu 10 za mkeka.

Usikubali tu kwa kuwa umeambiwa. Hakikisha mwenyewe. Chukua jani zima kutoka katika shina ambalo mkungu wake umekwisha kuvunwa. Shina hilo halina tena mkungu wa kulisha. Litandike jani uani. Kwa kamba na vijiti, chora miraba ardhini chini yake, kila mraba uwe na upande wa sentimita 10. Ikiwa jani lina urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 70, utapata miraba 140. Hesabu miraba iliyofunikwa na jani. Mraba uliofunikwa zaidi ya nusu, uhesabu. Uliofunikwa chini ya nusu, uache. Utapata kama miraba 112, pengine zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Hesabu ya namna hii huitwa makadirio. Kukadiria si kubahatisha. Anayebahatisha hana kipimo. Anayekadiria ana kipimo, lakini anajua kwamba jibu lake linaweza kuzidi au kupungua kidogo.

7. KUPIMA MGOMBA MZIMA

Si lazima upime kila jani. Fanya hivi: hesabu majani yote yaliyo hai. Usihesabu yaliyokauka, wala jani changa ambalo bado limejikunja. Kisha chagua majani matatu: moja kubwa, moja la wastani na moja dogo. Yapime.

Tuseme mgomba una majani hai 9, na matatu uliyopima yana maeneo haya:

Jani kubwa: 220 × 80 = 17,600. Sehemu 8 kati ya 10 ni 14,080.
Jani la wastani: 200 × 70 = 14,000. Sehemu 8 kati ya 10 ni 11,200.
Jani dogo: 150 × 60 = 9,000. Sehemu 8 kati ya 10 ni 7,200.

Jumla ya majani matatu ni 32,480. Mgomba una majani 9, yaani mara tatu ya hayo. Basi 32,480 × 3 = 97,440. Hiyo ni karibu mita za mraba 10. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina mita za mraba 9. Fikiri, ndugu msomaji: majani ya mgomba huo mmoja yangeweza kufunika sakafu yote ya chumba hicho, na kubaki!

Sasa tuseme mtu amekuja akakata majani 4 ya kufungia mizigo. Jiko limepungua kwa zaidi ya mita 4 za mraba. Mkungu hautalalamika kwa mdomo. Utalalamika siku ya kuvunwa.

Ikiwa idadi ya majani haigawanyiki kwa tatu, gawanya jumla ya yale matatu kwa 3 upate wastani wa jani moja. Kisha zidisha wastani huo kwa idadi ya majani yote.

8. JANI LILILOCHANIKA NA JANI LILILOKAUKA

Upepo wa ziwani huchana majani. Jani lililochanika bado linapika chakula, mradi vipande vyake ni vya kijani. Lipime kama kwamba ni zima.

Jani lililokauka sehemu ni jambo jingine. Sehemu iliyokauka haipiki kitu. Huenda imekauka kwa uzee, au kwa ugonjwa kama vile sigatoka nyeusi, ambao huleta mistari na madoa meusi. Tazama kwa makini, ukadirie: ni robo ya jani? Ni nusu? Kisha ondoa sehemu hiyo.

Mfano: eneo la jani ni 11,200, na robo yake imekauka.

11,200 ÷ 4 = 2,800
11,200 − 2,800 = 8,400

Eneo linalofanya kazi ni sentimita za mraba 8,400.

9. MIMEA MINGINE

Kila mmea una umbo lake la jani, kwa hiyo una hesabu yake.

Mahindi: Zidisha urefu kwa upana, kisha chukua robo tatu. Hesabu hii ni ya zamani. Mtaalamu wa Marekani aliyeitwa E. G. Montgomery aliieleza mwaka 1911, nayo inatumika mpaka leo. Jani la urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 8 ni 640. Robo tatu yake ni 480.

Kahawa: Zidisha urefu kwa upana, kisha chukua karibu theluthi mbili. Jani la urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 6 ni 90. Theluthi mbili yake ni 60. Pima kwa rula, jani likiwa tawini.

Maharage: Jani la harage lina vijani vitatu. Chora kwenye karatasi miraba ya sentimita 1. Weka karatasi chini ya kijani kimoja kikiwa bado mmeani, ukifuate kwa kalamu pembeni taratibu. Kisha hesabu miraba, kama ulivyofanya uani. Fanya hivyo kwa vijani vyote vitatu, ujumlishe.

10. VIPIMO VITAKUSAIDIA NINI?

Kipimo kisichoandikwa husahauliwa. Chagua migomba mitano ya aina moja na yenye umri unaokaribiana. Usilinganishe Nshakara na aina nyingine, maana kila aina ina majani yake. Usichonge namba kwenye shina. Chomeka kigingi ardhini karibu na kila mgomba, uandike namba juu yake. Katika daftari andika: tarehe, namba ya mgomba, idadi ya majani hai, urefu, upana na eneo.

Sasa unaweza kufanya jaribio. Tia samadi katika migomba mitano. Mingine mitano iache kama ilivyo. Pima yote kila mwezi. Hutangoja mpaka siku ya kuvuna ndipo ujue kama samadi imesaidia. Majani mapya yatakuambia mapema. Udongo wa sehemu nyingi za Bukoba na Muleba huoshwa na mvua nyingi, na virutubisho vyake huchukuliwa na maji. Kibanja hudumu kwa sababu kinalishwa. Ukiona majani mapya ya mgomba wako yanazidi kuwa madogo, usingoje.

Lakini kipimo hakisemi sababu. Wewe ndiwe utakayeitafuta. Jiulize: Je, samadi imekwisha? Je, machipukizi ni mengi mno katika shina moja? Acha mama, binti na mjukuu, uyaondoe mengine. Je, kuna fukusi? Chunguza chini ya shina kama kuna matundu. Ukishindwa, mwite afisa ugani wa kata, umwonyeshe daftari lako. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, wilayani Bukoba, kimefanya kazi ya migomba kwa miaka mingi. Mtaalamu akikuta mkulima mwenye vipimo vya miezi sita, ana mahali pa kuanzia.

Na ukihitaji majani ya nyumbani, kata kwenye shina lililokwisha kuvunwa. Ukihitaji matandazo, tumia nyasi za rweya na majani yaliyokauka. Majani mabichi ya mgomba wenye mkungu yaache juu. Yako kazini.

MASWALI

1. Kwa nini jani huitwa jiko la mgomba?
2. Kwa nini ni hatari kukata majani ya mgomba mwenye ua kuliko mgomba mchanga?
3. Panga huenezaje mnyauko wa migomba?
4. Jani lina urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 60. Tafuta eneo lake.
5. Nusu ya jani hilo imekauka. Eneo linalofanya kazi ni kiasi gani?

(Majibu ya hesabu: swali la 4 ni sentimita za mraba 8,640. Swali la 5 ni sentimita za mraba 4,320.)

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni watu wawiliwawili. Tengenezeni fito zenu. Kila wawili wapime mgomba mmoja katika kibanja cha mwenzao mmoja, wakiwa wameomba ruhusa kwa mwenye kibanja. Mkiona mgomba wenye dalili za mnyauko, msiuguse. Mwambieni mwenye kibanja na afisa ugani siku hiyohiyo. Wiki ijayo leteni vipimo darasani, mviandike ubaoni, mvilinganishe. Jadilianeni: mgomba upi una jiko kubwa kuliko yote, na mwenye kibanja aliutunza namna gani?